Mkono Juu ya Mchanga

(Maneno niliyoyasema Dar es Salaam mbele ya waongoza watalii, walimu na wahudumu wa makumbusho. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, isipokuwa nimepunguza kikohozi.)

Shikamooni wakubwa zangu. Wadogo, hamjambo.

Kabla ya yote naomba mkono juu kwa aliyekula dagaa wa Mwanza wiki hii. Naona mikono, na naona wengine mnaona haya. Sato je? Sangara? Basi sina haja ya kueleza kwa nini nimekuja katika mji wenye bahari mlangoni kuzungumza habari za Ziwa Victoria, lililo zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara. Ziwa mnalo tumboni.

Nimeombwa nieleze jinsi tunavyofundisha habari za uchafu wa ziwa hilo kwa kutumia kile ambacho vitabuni kinaitwa uhalisia ulioongezwa. Jina zito, jambo jepesi: unaangalia kitu halisi kilicho mbele yako, halafu mashine inakuwekea juu yake picha ambayo haipo. Si ile miwani ya kufunika macho inayokuhamishia dunia nyingine. Hapa hutoki ulipo. Wengi wenu mlishakutana nacho bila kukijua jina, mwaka 2016 vijana walipokuwa wanakimbiza vidubwana vya Pokémon GO mitaani, au pale mwanao anapojipiga picha na simu ikamwotesha masikio ya sungura.

Mimi si mtu wa kompyuta. Nimefundisha jiografia ya sekondari miaka mingi, Mwanza kwanza, kisha hapa. Sasa nina meza.

Meza yenyewe mmeiona mlangoni mlipoingia. Ni kasha la mbao la urefu wa mita 1 na upana wa sentimita 75, ndani mna mchanga wa kilo 90 hivi. Juu yake, kwenye mlingoti, kuna kamera na projekta. Kamera ni ile inayoitwa Kinect, iliyotoka mwaka 2010 kwa ajili ya michezo ya Xbox. Inarusha nukta za mwanga usioonekana kwa macho, inazisoma zilivyoangukia mchanga, na kwa hizo inajua wapi pana kilima na wapi pana shimo. Kompyuta inachora rangi na mistari ya kontua, ile inayounganisha mahali penye kimo kimoja, projekta inairudisha michoro hiyo juu ya mchanga ule ule. Ukichimba, panageuka bluu. Ukirundika, unapata mlima wenye kilele cheupe. Ukitandaza kiganja hewani juu ya mlima, mvua inanyesha chini ya kiganja chako na maji yanateremka bondeni, yanazunguka vizuizi, yanajaza mashimo, kwa sababu programu inapiga hesabu za mtiririko bila kupumzika.

Wazo la awali lilikuwa la watafiti wa Jamhuri ya Cheki. Oliver Kreylos wa Chuo Kikuu cha California, Davis, ndiye aliyeandika programu hii na kuiachia dunia bure, na mradi ule tangu mwanzo ulilenga kuwafundisha wageni wa vituo vya sayansi habari za maziwa na mabonde yanayoyalisha. Kamera zenyewe ziliacha kutengenezwa mwaka 2017. Yetu ni ya mtumba, tuliipata Kariakoo, na waya wake umefungwa selotepu ya kijani. Msiuguse.

Sasa niwape habari za kushindwa, maana tulishindwa mara mbili kabla ya kupata cha kuwaambia.

Mara ya kwanza tuliipeleka meza kwenye shule moja ya msingi Temeke. Watoto walijenga Kilimanjaro, wakaibomoa, wakachimba maziwa, wakanyesha mvua mpaka mikono ikachoka. Ilikuwa furaha tupu. Nikamuuliza mmoja wa darasa la sita amejifunza nini. Akanitazama kama mtu anayeulizwa jambo lililo wazi: "Mwalimu, mkono wangu unanyesha." Jibu zuri, nimelitunza. Ila uchafu wa ziwa haukutajwa hata kidogo.

Mara ya pili tukasema tuwaonyeshe uchafu wenyewe. Kijana mmoja fundi wa programu za simu akatutengenezea kitu: unalaza chini turubai lenye picha ya ziwa, unalielekezea simu, na juu ya maji yanaibuka machupa ya plastiki, gugu maji, samaki waliokufa matumbo juu. Kilikuwa kimetengenezwa kwa ufundi mkubwa, hata nzi walikuwepo. Watu walikuja wengi, wakacheka, wakapiga selfi na samaki wafu. Dada mmoja alikuwa anamwelekeza mwenzake: "Nitoe vizuri, huyo mkubwa aonekane."

Nilirudi nyumbani nimenuna. Si kwa sababu ya kicheko, kucheka ni haki ya mgeni. Nilinuna kwa sababu tulichowaonyesha walikuwa wanakijua. Chupa kila mtu anaiona, pale Feri anaiona, mtaroni kwake anaiona. Aliyefika kwetu akiamini kwamba uchafu wa ziwa ni machupa aliondoka anaamini vivyo hivyo, tena sasa ana picha ya kuthibitisha. Hata gugu maji, ambalo lilionekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980 na kufunika mialo katika miaka ya 1990 mpaka mitumbwi ikashindwa kutoka, ni dalili tu. Linanenepa kwa sababu maji yana lishe. Wakaletwa wadudu wa kulila, likapungua, lishe ikabaki.

Lishe hiyo kubwa yake ni fosforasi na naitrojeni. Inatoka kwenye udongo unaokokotwa na mvua kutoka mashamba yaliyobaki uchi, kwenye mbolea, kwenye majitaka, kwenye kinyesi. Ndani ya maji huioni. Unachokiona ni mwani unaojilisha humo, maji yanageuka kijani, na aina nyingine za mwani huo zina sumu. Mwani ukifa unazama, unaoza, na kuoza kunakula oksijeni ya chini mpaka samaki hawana pa kuvutia pumzi. Huo ndio uchafu wenyewe, na haupigiki selfi.

Hapo ndipo nilipoelewa chombo hiki ni cha nini. Ukikitumia kumwonyesha mtu kitu anachokiona tayari, umewasha karabai mchana. Kazi yake ni kile kisichoonekana.

Naomba mnipokee kitu hiki hapa mbele. Huu ni mfuniko wa sufuria. Upana wake sentimita 20, tumeupaka robo nyeupe, robo nyeusi, robo nyeupe, robo nyeusi. Kamba ina fundo kila nusu mita. Mwaka 1865 padre mmoja wa Italia, Angelo Secchi, mtaalamu wa nyota, alishusha bamba jeupe baharini kutoka kwenye meli ya Papa ili apime jicho linaona mpaka wapi ndani ya maji. Unashusha, unatazama, bamba likipotea machoni unasoma kamba. Hakuna betri wala bando. Mpaka leo wataalamu wa maziwa wanalitumia.

Mwaka 1927 mwanasayansi Mwingereza, E. B. Worthington, alilishusha katikati ya Ziwa Victoria, likapotea kwenye kina cha mita 7 na kitu. Kwa kamba yangu hii ni fundo la 14. Miaka ya 1990, waliorudia kupima walikuta halifiki hata nusu ya hapo.

Ukimwambia mgeni namba hizo, anatikisa kichwa kwa heshima na kuuliza choo kiko wapi. Kwa hiyo tukafanya hivi. Tunaweka pipa tupu. Mgeni anashika kamba halisi, fupi kuliko hii, mafundo yake yamekaribiana ili yaenee pipani na kila moja linahesabiwa nusu mita, anashusha mfuniko halisi, na simu tuliyoifunga kwenye kigingi inamwonyesha pipa hilo likiwa na maji. Anachagua mwaka. Kwenye 1927 anahesabu mafundo: 10, 11, 12, bamba bado linang'aa kama mwezi nyuma ya wingu. Anavuta, anachagua miaka ya 1990, anashusha tena. Fundo la 4, la 5, linafifia, limekwenda. Lakini kamba bado iko mkononi na uzito wa mfuniko unausikia. Kuna mama alisimama na kamba ile muda mrefu, akasema, "Lakini lipo. Nalisikia hapa." Pale sikuongeza neno.

Nawasihi wenye kutengeneza vitu hivi: mwacheni mgeni ashike kitu. Picha peke yake inateleza. Kamba haitelezi.

Halafu kuna furu. Waliokulia kando ya ziwa wanawajua, samaki wadogo wenye miiba, watoto tulikuwa tunawavua kwa ndoana ya pini. Ziwa Victoria lilikuwa na aina kama 500. Nyingi zilipotea, na lawama kubwa tumembebesha sangara, aliyeletwa miaka ya 1950 na 1960 akawala. Lawama anastahili. Lakini mwaka 1997 mtafiti wa samaki Ole Seehausen na wenzake, waliofanya kazi yao Ghuba ya Mwanza, walieleza jambo jingine. Jike la furu humchagua dume kwa rangi. Wa jamii hii wanataka mwekundu, wa jamii ile wanataka wa bluu, na hivyo kila jamii inabaki na yake. Maji yakichafuka, rangi hazionekani. Jike anamwangalia dume, anaona kitu cha kijivu, anakubali kilichopo. Jamii zinachanganyika, zinakuwa moja. Samaki hakuliwa wala hakupewa sumu, ila ukoo wake umekwisha kwa kukosa mwanga.

Hili kwenye simu linatoka vizuri kuliko mahali pengine popote. Tuna bango la madume wawili, mwekundu na wa bluu. Unalielekezea simu, unasogeza kidole kutoka maji meupe kwenda maji ya kijani, na wale wawili wanafifia mpaka hujui nani ni nani. Tunamwambia mgeni: chagua mchumba. Kina mama wanacheka kwanza, kisha wananyamaza. Mmoja alisema, "Masikini, ndivyo tulivyoolewa wengine." Hilo halimo kwenye programu.

Turudi mezani, maana meza nayo ilibidi ibadilike. Programu ile ina tabia ya kukausha maji polepole, kama jua. Mwanzoni tuliona ni kero. Baadaye tukagundua ndiyo habari yenyewe. Ziwa Victoria linapata kama asilimia 80 ya maji yake kwa mvua inayolinyeshea moja kwa moja, na karibu kiasi hicho hicho kinapanda angani kwa jua. Kinachotoka kwa mto ni kile kinachopita Jinja kwenda Nile, basi. Sasa maji yana mabawa, fosforasi haina. Kijana wetu akaongeza mistari michache kwenye programu: mvua ikipita kwenye mlima tulioutia alama ya kulimwa, maji yanabeba rangi ya kijani. Jua likiyakausha, maji yanapungua, kijani kinabaki. Unanyesha tena, kijani kinazidi. Watoto wakaanza kugombana. "Acha kunyesha upande huo!" Huyo aliyenyesha anajitetea, mvua ni ya Mungu, aliyelima ni wewe. Nikajua somo limeingia.

Kuna jambo moja linalonisumbua kuhusu meza hii, na niliseme kwa sababu wengi wenu mtatengeneza za kwenu. Inadanganya vipimo. Ziwa Victoria lina urefu wa zaidi ya kilomita 300 kutoka kaskazini hadi kusini, na kina chake kirefu kabisa ni mita 80 hivi. Fanyeni hesabu. Ukilifupisha liwe mita 1, kina chake kinakuwa robo ya milimita, yaani karatasi mbili na nusu mkizibananisha. Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470, kwa kipimo chake lingekuwa milimita 2 na kidogo. Victoria si tungi, ni sinia, tena sinia lililomwagiwa maji kidogo. Sisi mezani tunachimba shimo la kiganja kizima, la sivyo kamera haioni kitu. Kwa hiyo siku hizi namkabidhi mgeni karatasi tatu kabla hajachimba, namwambia zishike hivi kwa ubavu, hiki ndicho kina cha ziwa kwa ukubwa wa meza hii, sasa chimba uongo wetu. Watu hawakasiriki. Wanaipenda meza zaidi.

Uongo wa pili hatukuugundua sisi. Tulikuwa tumeweka meza Tandale, na alikuja mama mmoja muuza dagaa, kwao Musoma. Alitazama muda mrefu bila kugusa. Kisha akauliza:

"Mwalimu, mbona humu hamna moshi?"

Nikamjibu kuwa hii ni habari ya maji, mama, si ya moshi.

"Kwetu kiangazi wakichoma mbuga, asubuhi unakuta majivu ndani ya mtumbwi. Mtumbwi umelala majini. Sasa yale ya mtumbwini nayaona, yale yaliyoangukia majini yamekwenda wapi?"

Nilikuwa na jibu la mwalimu mdomoni, lile la kusema tutalifanyia kazi. Ila nilikwenda kusoma, na aibu ikanishika, kwa kuwa jibu lilikuwa limeandikwa hapa hapa mjini. Mwaka 2005 Rashid Tamatamah wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzake R. E. Hecky na H. C. Duthie, walichapisha vipimo vyao: zaidi ya nusu ya fosforasi inayoingia Ziwa Victoria hushuka kutoka hewani, na mvua na vumbi. Zaidi ya nusu, ndugu zangu. Meza yangu yote, milima, mito, mabonde, ilikuwa inaeleza ile nusu ndogo. Na kwa kuwa inaieleza kwa uzuri, kila aliyeondoka aliondoka na hakika kwamba ameelewa.

Hiyo ndiyo hatari ya chombo hiki. Kinaonyesha kile kinachoweza kuonyesha, na mgeni anadhani ndiyo habari yote. Kitabu kikiwa na pengo unaliona pengo. Picha inayotembea haina pengo, imejaa kutoka ukingo hadi ukingo.

Tukaongeza kitambaa chekundu. Ukikilaza juu ya mlima, kamera inakitambua, mlima unaungua, na wingu la kijivu linasafiri juu ya mchanga, linashuka ziwani bila kupita mto wowote. Mtoto anayekaa upande wa pili, ambaye hajalima wala hajanyesha, anaona ziwa lake linageuka kijani. Huyo ndiye anayeuliza maswali makali kuliko wote. Yule mama alirudi akaona, akasema tu, "Ehe." Nilikuwa natarajia zaidi.

Mtaniuliza kwa nini tusichukue maonyesho ya wenzetu yakiwa tayari. Kule California kuna Ziwa Tahoe, na wana kituo kizuri cha kuwafundisha wageni. Mwaka 1968, mwaka ule ule mtaalamu wa kompyuta Ivan Sutherland alipoeleza kofia yake ya kwanza ya kuongeza picha mbele ya macho, nzito mpaka iliningʼinizwa darini, watu wa Tahoe walianza kushusha bamba lao kwa utaratibu. Walipata wastani wa mita 31. Siku hizi ni kama mita 20. Majitaka walishayatoa nje ya bonde lao miaka mingi iliyopita. Kinacholifunga ziwa lao jicho ni chembe ndogo mno za vumbi, nyingi zikitoka barabarani na mijini, zinazosagwa na matairi na kuoshwa na mvua na theluji. Ukilileta somo hilo Musoma kama lilivyo, umemfundisha mtu ugonjwa wa jirani. Meza ni ile ile, kinachotiririka juu yake lazima kiwe cha kwenu.

Ya ufundi nitayapitisha haraka, maana nikianza hatutakula. Msitegemee simu za wageni. Nyingine haziwezi, nyingine hazina bando, na mwenye simu kali hataki kuitoa kwenye umati. Funga simu moja yako kwenye kigingi. Juani projekta haionekani, tafuteni kivuli kizito au fungeni mapazia. Umeme ukikatika, mfuniko wa sufuria unaendelea na kazi. Na mchanga uloweni kidogo, mkavu haushiki mlima.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Niseme la mwisho kuhusu hapa Dar. Wiki iliyopita tulikuwa na watoto wa Vingunguti. Sikuwaambia wajenge nini. Walichimba Mto Msimbazi, wakauanzia kwenye vilima vya Pugu, wakaupitisha kwao, wakafika Jangwani wakapapanua kwa viganja, wakaumalizia baharini pale karibu na daraja la Selander. Mchanga ukasimama, wakanyesha wote kwa pamoja, mikono kumi na kitu. Maji yakapanda. Msichana mmoja akaweka kidole mahali fulani, sentimita mbili kutoka kingo ya mto, akasema, "Hapa ni kwetu." Hakukiondoa mpaka maji yakakifunika.

Sikuwa na programu ya Msimbazi. Sasa tunaitengeneza, na nahitaji watu wanaoujua mto huo kwa miguu. Wenye nafasi tuonane baada ya chai.

Meza iko wazi. Simu mfukoni, mikono juu ya mchanga, mstari wa mbele waanze. Na ule waya wa kijani, tafadhali.